Zabibu ya Dodoma kwenye ekari moja: kutoka shimo hadi mchuzi (divai ghafi)

Machi ya mwaka wangu wa tatu kwenye kilimo hiki nilikaa siku tisa chini ya mkwaju nikisubiri gari. Zabibu zilikuwa zimeiva. Mnunuzi, ambaye simtaji, alikuwa ameahidi kufika Jumatatu, na kijiji kizima kilikuwa kinavuna wiki hiyohiyo. Alhamisi ikanyesha. Kesho yake punje zikaanza kupasuka, na manyigu wakafika kabla ya gari. Nilichouza mwishowe kilitosha kulipa vibarua na nauli ya kurudi mjini.

Nilimlaumu mnunuzi kwa muda mrefu. Baadaye nikakubali kwamba nami nilikuwa na langu. Nilipogoa mizabibu siku ileile waliyopogoa wenzangu wote, bila kupiga hesabu ya siku nitakayovuna wala ya nani atakuwa na nafasi ya kununua. Mzabibu wa Dodoma hauna msimu wake. Msimu unauanzisha wewe kwa mkasi. Ndiyo maana naanza na kalenda kabla ya shimo, ingawa wengi wangependa niruke moja kwa moja kwenye mbolea.

Piga hesabu kwa kurudi nyuma

Ulaya mzabibu hupukutisha majani na kulala kipindi cha baridi kali, kisha joto la majira ya kuchipua huuamsha mara moja kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Ukiupogoa, macho uliyoyaacha, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye tawi, yanafumuka ndani ya siku 10 hadi 15, maua yanatoka wiki ya sita au ya saba, punje zinaanza kubadili rangi kwenye mwezi wa tatu, na kwa miezi minne hivi unavuna. Baridi ya usiku ya Juni na Julai inaweza kukuongezea wiki moja au mbili. Hii ndiyo sababu Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka.

Mvua zetu ni chache, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo una milango miwili.

Ukipogoa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, unavuna Agosti hadi Septemba. Hapo hakuna mvua, mchana jua ni kali, usiku kuna ubaridi, na ukungu wa magonjwa yanayotaka mvua haupati pa kushika. Sukari inapanda vizuri na rangi inakolea. Gharama yake ni maji: bila kisima, bwawa au mradi wa umwagiliaji, mavuno haya ni ya kubahatisha.

Ukipogoa Novemba, unavuna Machi. Maji ni ya Mungu, lakini magonjwa nayo yanakuja na mvua hiyohiyo, na ikinyesha wiki ya kuvuna zabibu inajaa maji na utamu wake unashuka.

Mwenye maji namshauri aweke ubora wake wote kwenye mavuno ya Agosti, na ya Machi ayachukulie kama ziada. Asiye na maji abaki na mavuno mamoja mazuri kuliko kuulazimisha mzabibu uzae mara mbili kwa kiu, maana ukifanya hivyo miaka mitatu mfululizo utaona matawi yanakuwa membamba kama njiti.

Jambo la pili la kalenda: ligawe shamba vipande vitatu na upogoe kwa kupishana siku kumi. Mimi sasa ekari yangu moja naivuna kwa karibu mwezi mzima badala ya wiki moja. Gari likichelewa, kinachongoja ni theluthi. Tarehe ya kila kipande naiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo, kwa sababu daftari lilishawahi kuliwa na panya.

Udongo, maji na nguzo

Mzabibu unapenda udongo wa kichanga tifutifu usiotuamisha maji, na huo tunao tele, kuanzia Mpunguzi na Mbabala hadi Hombolo na Makutupora. Mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, uache kwa mtama na mpunga. Ukitaka kujua kama maji yanapita, chimba shimo la kina cha sentimita 60, lijaze maji jioni, kisha litazame asubuhi. Ukikuta bado yamesimama, tafuta sehemu nyingine.

Maji ya kisima yapime chumvi kabla ya kupanda chochote. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na mzabibu hauivumilii sana. Dalili zake ni ukoko mweupe juu ya udongo uliomwagiliwa na majani yanayoungua kuanzia pembeni. Mimi nilionja kwa ulimi nikasema yanafaa. Ulimi hautoshi, peleka chupa maabara.

Nafasi inayofaa kwa mfumo wa waya ni mita 3 kati ya mistari na mita 1.5 kati ya shina na shina. Hapo ekari inabeba mashina kama 900. Ukiweka mita 2 kati ya mashina unapata kama 670, na kwenye ardhi yenye rutuba hasara ni ndogo. Wapo wanaopanda kwa kubana wakidhani shina zaidi ni kilo zaidi. Wanachovuna ni kivuli, na kivuli ndiyo nyumba ya ukungu. Mistari ielekee kule upepo unakotoka, upite katikati. Anayeujua upepo wetu wa Julai na Agosti haulizi kwa nini.

Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu utenge, uuchanganye na ndoo mbili za samadi iliyooza, urudishe shimoni mwezi mmoja kabla ya kupanda. Samadi hapa si tatizo, maana Mgogo na ng'ombe hawaachani. Tatizo ni watu kuitoa zizini ikiwa mbichi. Hiyo inaunguza mizizi na kuita mchwa.

Fedha nyingi itakwenda kwenye nguzo na waya, na hapa usibane. Nguzo kila mita 6, zile za mwisho ziwe nene na zimefungwa tegemeo kwa nyuma, maana ndizo zinazobeba uzito wote. Waya wa kwanza uwe sentimita 80 kutoka chini, wa pili sentimita 40 juu yake, wa tatu sentimita 40 nyingine. Nguzo za miti wengi wanazipaka oili chafu upande wa chini kuzuia mchwa. Zangu zilidumu misimu minne, kisha mstari mzima ukalala usiku mmoja na vishada vyake. Nilizibadilisha taratibu kwa nguzo za zege, kumi kila mwaka.

Mche na mwaka wa kwanza

Aina inayotawala Dodoma ni Makutupora nyekundu, ya mvinyo, imezoea hali yetu na inazaa sana. Kwa mvinyo mweupe wengi wanapanda Chenin Blanc. Kuna aina za mezani pia, lakini soko lake ni lingine na linataka punje kubwa zisizo na doa. Kituo cha Makutupora cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kinashughulika na zao hili na kinatoa miche. Anzia huko badala ya kuchukua vipandikizi kwa jirani usiyejua shamba lake lina ugonjwa gani.

Ukizalisha mwenyewe, chukua tawi lililokomaa, la kahawia, unene wa penseli, kata urefu wa sentimita 30 lenye macho matatu au manne. Chini kata bapa karibu na jicho, juu kata kwa mshazari, ili usije ukakipanda kichwa chini. Usicheke, nimeona kitalu kizima kimepandwa hivyo. Baada ya miezi mitatu kwenye viriba mche unakuwa tayari, na mvua za Desemba zikishika unauhamishia shambani.

Mwaka wa kwanza kazi yako ni kujenga mwili wa mzabibu tu. Acha chipukizi moja lenye nguvu, lifunge kwenye kijiti kilichonyooka, mengine yote yang'oe. Likifika waya wa kwanza, likate ncha, na katika chipukizi zitakazotoka chagua mbili: moja uilaze kushoto, moja kulia. Hiyo ndiyo mikono, na itakaa hapo miaka 20 na zaidi. Vishada vikijitokeza mwaka huu viondoe. Inauma, najua. Kiangazi mche mchanga nauwekea ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, na matandazo ya mabua ya mtama kuzunguka shina, bila kuligusa, kwa sababu ya mchwa.

Mkasi

Mara ya kwanza kupogoa nilikuwa na mzee jirani yangu aliyelima zabibu tangu enzi za mashamba ya misheni, huko Bihawana. Nilikata ncha tu za matawi, kidogokidogo, kama mtu anayenyoa mtoto. Akanitazama mstari mzima bila kusema. Mwisho akauliza, "Unauonea huruma?" Nikacheka. "Mzabibu si mbuzi, mwanangu. Kata." Akachukua mkasi, na kwenye shina lililokuwa na kichaka cha majani akaacha mikono miwili yenye vijiti vifupi vifupi, kama meno ya kitana kilichovunjika. Nilidhani ameliua.

Alichofanya ni hiki. Kwenye kila mkono aliacha vijiti vitano hadi saba, vikitengana kwa upana wa kiganja. Kila kijiti ni tawi la msimu uliopita lililokatwa likabaki na macho mawili tu, yakihesabiwa kutoka chini. Kila jicho litatoa tawi, na kila tawi litabeba kishada kimoja au viwili. Kwa hiyo shina moja likiwa na vijiti kumi na viwili, unatarajia matawi kama 24, na hesabu ya vishada unaijua tangu siku ya kupogoa. Ukiacha macho mengi kwa tamaa, utapata vishada vingi, vidogo, chachu, visivyoiva pamoja.

Kata sentimita moja na nusu hivi juu ya jicho, kwa mshazari unaoegemea mbali na jicho, maji yasilitiririkie. Ondoa chochote kinachotoka kwenye shina chini ya mikono. Ondoa tawi la kale lililokauka, na vishada vikavu vya msimu uliopita vyote, hata kile kimoja kilichojificha, maana ndicho ghala la ukungu. Matawi yaliyokatwa yatoe shambani. Mkasi ufute kwa spiriti kila unapomaliza shina lenye dalili za ugonjwa. Mimi nafuta kila mstari, mgonjwa au mzima.

Siku mbili tatu baada ya kumwagilia, angalia vidonda. Utaona tone safi kama machozi linaning'inia kwenye kila ncha, linaanguka, jingine linajikusanya. Asubuhi, jua likipiga kwa pembeni, mstari wote unametameta. Wakulima wageni hushtuka wakatafuta dawa ya kuziba. Iache. Ni mizizi imeamka na inasukuma maji juu; mzabibu ambao haulii kabisa ndio wa kuutilia shaka.

Kama unataka macho yafumuke kwa pamoja, na hili ni la lazima kwa anayetafuta ubora, kausha maji wiki mbili au tatu kabla ya kupogoa, kisha mwagilia kwa wingi mara umalizapo. Macho yakipishana wiki mbili kufumuka, utavuna tamu na chachu kwenye kreti moja.

Kuna awamu ya pili ya kazi hii ambayo wengi wanaiacha. Matawi yakifika urefu wa futi moja, pitia shamba: jicho lililotoa matawi mawili libaki na moja, tawi lisilo na kishada na lisilohitajika kwa msimu ujao litoke. Mengine yapitishe kati ya waya yasimame. Punje zikishafikia ukubwa wa njegere, toa majani machache yanayokizunguka kishada upande wa jua la asubuhi. Upande wa jua la alasiri usiguse. Jua la Dodoma la saa tisa linababua punje hadi zinakuwa kama zimechemshwa.

Ubwiri, ndege na wengine

Magonjwa makubwa ni mawili na watu huyachanganya. Ubwiri unga huja kama vumbi jeupe juu ya jani na kwenye punje, unapenda hewa ya joto iliyotulia, hauhitaji mvua. Punje inashikwa ikiwa changa, ngozi inakakamaa, kisha inapasuka ikinenepa. Dawa yake ya zamani ni salfa. Ubwiri vinyoya unahitaji majani yenye maji: juu ya jani utaona baka la manjano kama tone la mafuta, ukiligeuza jani chini yake kuna manyoya meupe. Huyu ndiye adui wa mavuno ya Machi, na kinga yake ni dawa za shaba, zinazopigwa kabla ya mvua kubwa badala ya baada.

Salfa usipige jua likiwa kali. Joto likizidi nyuzi 32 hivi inaunguza majani. Piga asubuhi mapema, upepo haujaamka. Na iache kabisa wiki nne kabla ya kuvuna kama zabibu yako inakwenda kwenye mchuzi, kwa sababu salfa inayobaki kwenye ngozi inageuka harufu ya yai viza ndani ya pipa. Vipimo fuata lebo. Anayejaza bomba kwa kukadiria kwa kifuniko cha soda ndiye huyohuyo anayelalamika dawa ni feki.

Ndege hawana dawa, kuna neti tu au watoto wenye makopo. Kidung'ata, yule mdudu mwenye unga mweupe kama pamba kwenye kikonyo, mtafute kwa kufuata sisimizi: ukiona msururu wa sisimizi unapanda shina, juu kuna kidung'ata.

Kujua imeiva

Rangi inadanganya. Makutupora inakuwa nyeusi wiki mbili tatu kabla ya kuwa tamu. Nunua rifraktomita, kifaa kidogo cha mkononi unachodondoshea tone la maji ya zabibu na kutazama kwenye mwanga. Anza kupima wiki ya 14 baada ya kupogoa. Usichague kishada kizuri cha pembeni. Chukua punje mojamoja kutoka mashina 50, juu, chini na katikati ya kishada, ziponde pamoja, pima maji yake. Zabibu ya kula inauzika kuanzia briksi (kipimo cha sukari) 16 hadi 18. Ya mvinyo mwekundu mimi sivuni chini ya 21, nikipata 23 nafurahi. Zidisha briksi kwa 0.55 upate makadirio ya kileo: 22 inatoa asilimia 12 hivi.

Pamoja na kifaa, tafuna mbegu. Ikiwa ya kijani na chungu, subiri. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kama karanga, wakati umefika. Maji punguza wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna, lakini usikate kabisa hadi majani yanyauke.

Vuna kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, umalize kabla ya saa tatu. Kata kikonyo kwa mkasi, usivute. Weka kwenye kreti za plastiki zisizozidi kilo 20. Gunia na tenga refu huponda za chini, na zabibu iliyopondwa ndani ya kirikuu juani inaanza kuchacha kabla hujafika barabara ya lami.

Mchuzi

Hapa Dodoma tunaita mchuzi ile divai ghafi ambayo mkulima anaisindika shambani na kuuza kwa wenye viwanda. Ndiyo iliyoniokoa nisikae tena chini ya mkwaju: zabibu iliyoiva haingoji siku tatu, mchuzi uliotengenezwa vizuri unangoja miezi. Shemeji yangu analima kakao Kyela, na kila tukikutana tunagundua tuna kazi moja. Wao wanafunika mbegu mbichi na majani ya mgomba kwenye masanduku ya mbao siku tano hadi saba, wanageuza, wanasikiliza joto. Ladha ya chokoleti inaanzia humo. Nasi ladha yetu inaanzia pipani.

Vyombo viwe plastiki ya daraja la chakula au chuma kisichoshika kutu. Pipa lililowahi kubeba dawa au rangi halioshwi likawa safi, hata uambiweje. Osha kila kitu kwa maji moto siku moja kabla.

Chambua kwanza. Punje iliyooza, iliyopasuka au yenye ukungu, nje. Hapa ndipo nawaweka kinamama wawili wenye macho makali na nawalipa kwa siku, si kwa kreti, ili wasikimbilie. Kisha tenganisha punje na vikonyo, maana vikonyo vibichi vinaleta uchungu wa majani. Kwa kiasi kidogo, waya wa chujio uliotandikwa kwenye fremu ya mbao unatosha: unasugua vishada juu, punje zinadondoka. Ponda kwa mikono safi au kwa miguu iliyooshwa vizuri, ngozi zipasuke, mbegu zisivunjike. Pipa la lita 200 lisibebe zaidi ya kilo 150 za zabibu, kwa sababu litafura.

Weka metabisalfaiti ya potasiamu, gramu 5 hadi 10 kwa kilo 100, ikiwa imeyeyushwa kwenye maji kidogo. Inawatuliza vimelea wa porini na kuilinda rangi. Gramu hizo zipime kwenye mizani ya dukani ya dhahabu au ya maabara. Kijiko ni hatari. Subiri saa 12 hadi 24, ndipo utie hamira ya mvinyo, gramu 20 hadi 25 kwa kilo 100, iliyolowekwa dakika 15 hadi 20 kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 40. Hamira ya maandazi itachemsha kweli, lakini inaacha harufu yake na haitulii chini.

Kesho yake jioni sogea na sikio. Linasikika kama uji unaoanza kuchemka mbali. Ngozi zinapanda juu na kutengeneza kofia nene, ya joto, unaweza kuweka mkono juu yake ikakubeba. Kofia hiyo izamishe kwa mti safi mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Ukiiacha ikauke juu, siki inaanzia hapo. Rangi yote ya mvinyo mwekundu iko kwenye ngozi, maji ya ndani ya Makutupora ni meupe, hivyo kila unapozamisha unaichota rangi. Funika pipa kwa kitambaa safi. Nzi wadogo wa matunda wanabeba bakteria wa siki miguuni.

Joto la ndani libaki kati ya nyuzi 25 na 30. Likikaribia 35, hamira iliyo ndani ya kileo inadhoofika, inaweza kukoma, na sukari inabaki nusu njia. Kwangu napooza kwa chupa za maji ya barafu zilizofungwa vizuri, na magunia yaliyolowa kuzunguka pipa. Upepo wetu unafanya yaliyobaki. Weka pipa chumba chenye madirisha, na hili nalisema kwa uzito: hewa inayotoka pipani ni kaboni dayoksaidi, nzito, inakaa chini, haina harufu wala rangi ya kukuonya. Usiingize kichwa ndani ya pipa, usiingie kwenye tangi kulisafisha kabla ya kushusha mshumaa uliowashwa. Ukizimika, na wewe ungezimika; usipozimika, bado si uthibitisho kwamba ni salama.

Maendeleo pima kwa haidromita, ile ya kuelea inayoonyesha uzito wa mchuzi ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000), kwa sababu rifraktomita ikikutana na kileo inasoma uongo. Unaanza kwenye 1.090 hivi, ikishuka hadi karibu 1.010, siku ya tano hadi ya nane, kamua. Majimaji yanayotoka yenyewe ndiyo bora, yaweke peke yake. Yanayotoka kwa kubana, kwenye mfuko wa kitambaa na mbao zenye uzito, yana ukali zaidi. Yatenge, utaamua baadaye kama unachanganya. Kilo 100 zinakupa lita 60 hadi 70.

Sasa ingiza kwenye chombo cha mdomo mwembamba, ukijaze karibu hadi shingoni, ziba, pitisha mpira mwembamba kwenye kizibo na ncha yake uizamishe kwenye chupa ya maji. Hewa itoke, isiingie. Mapovu yakikoma na haidromita ikakaa chini ya 1.000 siku tatu mfululizo, kazi ya hamira imekwisha. Baada ya wiki mbili au tatu hamisha kwa mpira ukiacha mashapo chini, ongeza gramu 5 za metabisalfaiti kwa lita 100, jaza chombo mpaka juu. Hamisha tena baada ya mwezi na nusu. Hewa iliyobaki juu ya mchuzi ndiyo inayoharibu mchuzi mwingi kuliko kitu kingine chochote. Dumu nusu ni siki inayosubiri tarehe.

Kabla hujaingia kwenye biashara hii, zungumza na kiwanda kwanza, uliza wanataka kileo na asidi kiasi gani, na makubaliano yaandikwe. Ukitaka kujaza chupa zako mwenyewe, kuna leseni ya vileo, alama ya ubora ya TBS na stempu za kodi za TRA. Anzia ofisi ya biashara ya halmashauri kabla hujanunua chupa hata moja.

Zabibu kavu, kwa kifupi

Makutupora ina mbegu, kwa hiyo kuikausha kunaleta kitu cha kutafuna kwa subira. Aina zisizo na mbegu zinafaa zaidi. Vuna ikiwa na briksi 22 au zaidi. Tandaza tabaka moja kwenye fremu za neti zilizoinuliwa mita moja kutoka chini, ndani ya kaushio la jua lenye nailoni juu, ambapo joto linafika nyuzi 50 hadi 60. Geuza kila siku. Kilo nne hadi tano mbichi zinatoa kilo moja kavu. Imekauka pale unapoibinya na haitoi maji wala haikatiki. Juu ya bati la nyumba usikaushe. Vumbi la Dodoma halitoki kwa kupangusa.

Makapi

Ngozi na mbegu zinazobaki baada ya kukamua usizitupe. Changanya na samadi na majani, lundika, geuza kila wiki mbili, na baada ya miezi mitatu au minne rudisha kwenye mashina kabla ya kupogoa. Mbuzi wanayapenda sana, ila yakaushe juani kwanza. Wangu waliyapata mabichi, yametoka pipani asubuhi hiyohiyo. Jirani alikuja mbio kuniambia mbuzi wangu wamekufa wote sita. Nikawakuta wamelala kwenye kivuli cha mstari wa tatu, mmoja anakoroma, na beberu alijaribu kunisimamia akashindwa.